Kiti cha Shifti

Kwanza niliweke wazi hili: sikununua kiti. Naandika kwa sababu habari imeshafika Tanga kwamba mtoto wao wa Houston anashindwa kutuma ada ya mpwa wake lakini hela ya kununua kiti anayo.

Kosa ni langu. Siku kifurushi kilipoletwa, mke wangu aliuliza kuna nini ndani, nami nikajibu kama tunavyosema sisi tunaoshinda chini ya magari: "Shifti kiti." Akafurahi. Mimi hufanya kazi shifti ya usiku, nasimama kwa saa nane, narudi nikiulalamikia mgongo. "Afadhali," akasema, "angalau utakuwa unakaa." Kisha akakiinua kifurushi kwa vidole viwili. "Baba watoto, kiti chenyewe cha sisimizi?"

Ningesema ndiyo yakaisha. Nikaanza kueleza.

Nina Chevrolet Nova ya mwaka 1972. Injini yake inaitwa 350, yaani inchi za ujazo, sawa na lita 5.7. Giaboksi nayo inaitwa Turbo 350, sijui namba ziliwaishia, na turbo yenyewe haina. Ni otomatiki ya gia tatu, ya ukoo ulioanza kufungwa kwenye magari ya mwaka 1969. Gari la otomatiki nililinunua makusudi ili nisifikirie gia. Tangu siku hiyo sijafikiria kitu kingine.

Tatizo lilikuwa kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Injini inapandisha sauti, gari linasita, halafu gia inaingia polepole kama mtu aliyechelewa msibani na viatu vinalia. Mke wangu aliona huo ni ustaarabu. Mzee jirani, aliyezeeka pamoja na magari haya, akaniambia ustaarabu huo ndio unaoua. Kiwandani walitaka abiria asimwagikiwe na kahawa, kwa hiyo waliziachia klachi zisuguane kidogo kabla ya kushikana. Kusuguana ni joto, na joto ndilo linalozila klachi. Shifti kiti ni springi, gasketi na maelekezo ya kupanua matundu kwenye bati fulani, ili mafuta yazifikie klachi upesi na kwa nguvu, zishikane mara moja bila kubembelezana.

"Kwa hiyo," mke wangu akasema, "mimi nikikwambia jambo moja kwa moja, nina mdomo. Gari unalilipa likufanyie hivyohivyo."

Sikuwa na jibu. Kiti chenyewe nilikuwa nimeshakichagua.

Usidhani kuchagua ni rahisi. Kwanza uijue giaboksi yako, maana kiti cha Turbo 400 au cha Powerglide hakikufai. Unalala chini unatazama sampo: ya 350 ni kama mraba uliokatwa pembe moja. Pili, uchomoe kijiti cha kupimia uyanuse mafuta yake. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, weka hela mfukoni; klachi zimeshakufa, na shifti kiti si dawa ya kufufua. Yangu yalikuwa mekundu bado. Tatu, kuna makali. Kuna kiti cha mtu wa kwenda sokoni, kuna cha kijana anayetaka majirani wajue ameondoka, na kuna cha mashindano, ambacho kinaiondolea gia uotomatiki wote, ubadilishe mwenyewe kwa mkono.

Hicho cha mwisho nilimsimulia baba kwenye simu. Baba aliendesha malori miaka mingi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, unalipa hela ili otomatiki isiwe otomatiki? Si ungeniambia nikakutafutia Bedford."

Nikachukua cha mtu wa sokoni.

Jumamosi ya Julai, joto la Houston likiwa limeshika kila kitu kama sufuria iliyosahaulika jikoni, nikalipandisha gari kwenye stendi. Sampo ina bolti 13 na haina kizibo cha kumwagia mafuta. Soma tena: haina kizibo. Unalegeza bolti upande mmoja, sampo inainama taratibu, unajisifu, halafu inainama yote. Nilibatizwa kwa mafuta mekundu hadi masikioni. Mwanangu wa miaka sita alikimbilia ndani akipiga kelele kwamba baba anatoka damu. Mama yake akajibu kutoka jikoni, "Akiambie hicho kiti kimpanguse."

Ndani kunakaa valvu bodi, chuma chenye vichochoro kama vya Mji Mkongwe, mafuta yakipita huku na kutokea kule. Nilipoliteremsha bati lake, zilidondoka gololi za chuma, nne kwa hesabu ya kitabu, kila moja kama mbaazi. Nilipata tatu. Ya nne niliitafuta saa nzima kwa magoti, nikimulika chini ya friza na ndani ya kandambili, kumbe mwanangu anaichezea sebuleni. Kuitoa mikononi mwake kulinigharimu aiskrimu mbili.

Kutoboa bati kulinitoa jasho la pili. Tundu likipanuka kupita kipimo, halirudi. Kisha gololi zirudi zilikotoka, na mimi nimelala chali, nazo hazikubali kukaa juu. Dawa yake ni mafuta ya mgando ya kujipaka: yanazishika gololi, baadaye yanayeyuka ndani ya mafuta ya gia bila madhara. Nikachukua kopo la mke wangu mezani kwake. Madhara yapo, ila si kwa giaboksi.

Jioni nikashusha gari, nikajaza mafuta mapya, nikawasha. Injini ikatetemeka kama ina homa. Nikapuuza. Tulikuwa tunapeleka wali wa nazi na mchuzi kwenye khitma, mke wangu kapakata sufuria. Gia ya kwanza ikavuta, ikavuta, ikakataa kubadilika, halafu ya pili ikaingia kama teke la punda. Mfuniko ukagonga kioo. Mchuzi sitausimulia.

Wali ulifika, mchuzi haukufika. Usiku niliwekwa kitimoto hadi saa sita. Asubuhi nikarudi chini ya gari, nikakuta mpira mdogo wa vakuamu unaning'inia. Mpira huo unatoka kwenye injini kuiambia giaboksi mzigo ni kiasi gani. Ukichomoka, giaboksi inaamini umekanyaga mafuta hadi sakafuni, nayo inachelewesha gia na kupandisha presha. Kiwiko changu kiliuchomoa. Niliurudisha kwa sekunde tano.

Sasa gia inaingia kwa neno moja: tap! Juzi mke wangu alipanda tena na sufuria, akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga. Mfuniko ulicheza, ukatulia. Akasema, "Hapo limesema."

Nikafikiri yamekwisha. Jana akapiga shangazi kutoka Tanga. Baada ya salamu ndefu akauliza hicho kiti ni cha mbao gani.

Nimemwambia ni mninga.