Mkosaji Mwenye Damu

Julai 2016, Sinodi Kuu ya Kanisa la Anglikana la Kanada, ikikutana Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, ilipigia kura ndoa za jinsia moja. Jioni hoja ilitangazwa kuanguka kwa kura moja tu upande wa makasisi. Kesho yake ikabainika kwamba kasisi mmoja aliorodheshwa kimakosa kama mlei, na hoja ikawa imepita. Mkosaji, basi, alikuwa orodha. Lakini orodha haitukaniki ikaumia, na ndugu zetu katika Kristo, wakishashika simu, humtaka mkosaji mwenye damu. Kosa la ukarani haliwanogei mpaka litiwe njama: huyu ameuza imani, yule ana roho ya kikatili, kisha washutumu wa pande zote mbili hufunga na “nakuombea”, dua pekee duniani inayosomwa kama tusi.

Watajitetea kwamba Paulo naye alimkemea Petro hadharani kule Antiokia. Kweli kabisa, ila alimkemea mtu aliyekuwepo, kwa jambo alilolitenda, na akatia jina lake. Mkemeaji wa leo humkemea asiyemjua, kwa asilolitenda, akijificha nyuma ya picha ya simba. Watasema tena kwamba mafundisho ni jambo zito, upole ni woga. Ni zito, na kwa uzito huohuo linadai ushahidi kabla ya hukumu. Jirani akiwa amepotoka kweli kuhusu ndoa, hiyo bado si ruhusa ya kumzushia wizi wa kura.