Jinsi ya Kuchora Jiji Bila Mtu Hata Mmoja

Kwanza panda juu. Jiji la kutazamwa kutoka angani halichorwi na mtu aliyesimama Manzese akisubiri daladala. Huyo anaona kisogo cha mwenzake tu. Ukikata tiketi ya ndege, omba kiti cha dirishani, tena kisiwe juu ya bawa, usije ukarudi na picha tatu kubwa za kijivu ukidai ni Dar es Salaam kumbe ni bawa. Mmarekani Richard Diebenkorn aliruka kutoka Albuquerque kwenda San Francisco mwaka 1951, akachungulia nchi iliyotandazwa chini, na alichokiona hakikumtoka. Mwaka 1967 akaanza mfululizo wake wa Ocean Park, picha zaidi ya 100 za mistari na vipande vya rangi kama viwanja vilivyopimwa vikasubiri hati. Wewe kama nauli haipo, nunua bando ufungue picha za setilaiti kwenye simu. Hakuna mteja atakayekuuliza ulikaa kiti namba ngapi.

Vifaa visikusumbue. Edward Saidi Tingatinga alichora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Tofauti ni kwamba yeye alichora chui, na chui hata mtoto anamtambua. Wewe unachora miraba. Jiandae kuulizwa na jirani, kwa upole kabisa, utaanza lini.

Mwanafunzi aanzie Kariakoo, kwa sababu wakoloni walishamaliza nusu ya kazi. Mitaa ilipigwa rula tangu enzi za Wajerumani, na jina lenyewe lilibaki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, walipopiga kambi. Chora mistari ya kwenda, kisha ya kukatiza, basi. Tatizo ni Mtaa wa Kongo. Kwenye ramani upo; ukiutazama kutoka juu haupo, umefunikwa na miavuli na maturubai kutoka kona hadi kona. Hapo usihangaike kutafuta lami. Dondoa rangi: nyekundu, njano, bluu iliyopauka, nyekundu tena. Halafu ujisifu kimoyomoyo kwamba Kiswahili kilikutangulia, maana kitambaa cha mchoraji nacho tunakiita turubai.

Ukisikia mtu anasema umeiga, mwambie ndiyo, umemwiga Piet Mondrian. Mholanzi huyu alifika New York mwaka 1940 akiwa na miaka 68, akakuta mitaa iliyonyooshwa kwa mpango wa mwaka 1811 na muziki wa boogie-woogie, akavipenda vyote. Broadway Boogie Woogie aliyoichora mwaka 1942 na 1943 ni mraba wa sentimita 127 kila upande: mistari ya njano, na juu yake vijiraba vyekundu, vya bluu na vya kijivu vinavyorukaruka kama magari kwenye taa. Watu wengi wakiitazama wanaona Manhattan kutoka juu. Mimi naona miavuli ya Kongo saa nne asubuhi, lakini sijawahi kuulizwa.

Kwa Mondrian huyohuyo kuna somo ambalo vyuo vya sanaa havilitangazi. Kazi yake ya mwaka 1941 iitwayo New York City I, iliyotengenezwa kwa tepu za rangi, iko kwenye jumba la sanaa Düsseldorf, Ujerumani. Mwaka 2022 msimamizi wa maonyesho akaeleza kwamba, kwa dalili zote, imetundikwa kichwa chini miguu juu kwa miaka zaidi ya 70. Dalili mojawapo ni picha ya kamera iliyopigwa studioni kwake mwaka 1944: kazi ileile, upande wa pili. Wakaamua kuiacha ilivyo, maana tepu zimezeeka na wakiigeuza zinaweza kubanduka. Kwa hiyo usiandike neno "juu" nyuma ya picha yako. Ukiandika, umewanyima wataalamu kazi.

Sasa ingia Tandale na Manzese, na rula uiache nyumbani. Huku ni bati juu ya bati. Bati jipya ni jeupe la kuumiza macho. Likipigwa na hewa ya chumvi kwa miaka kadhaa linageuka rangi ya udongo wa kichuguu, likianzia kwenye misumari. Bati za msauzi, za bluu na maruni, ziweke chache, kama mwenye nyumba anavyoziweka, mbele zinakoonekana. Kisha tupia vidoa vyeusi vya mviringo. Hivi ndivyo vitakavyokupa heshima. Mtu aliyesoma atasimama mbele ya kidoa kimoja, glasi mkononi, na kukiita ukimya, au kitovu, au alama ya umilele. Kikubwa ni simtanki. Kidogo ni tairi bovu lililowekwa juu ya bati lisichukuliwe na upepo.

Mto Msimbazi usiupake bluu, utachekwa hadi Kigogo. Tumia rangi ya chai ya maziwa iliyolala, mkono mmoja tu, kutoka kona hadi kona. Maelezo ya ukutani yatasema ni mshipa wa uhai wa jiji. Wa Jangwani, waliowahi kupandisha godoro juu ya kabati mwezi wa nne, hawakualikwa.

Na watu? Usiwachore. Mtindo huu hauna msamaha kwenye hilo. Kutoka ndani ya ndege mtu ni mdogo kuliko unywele wa brashi, na ukimwona ujue umeshuka mno. Droni ndiyo hatari zaidi, inashuka bila kukuaga. Mara ndoo zimepangwa foleni, mara mama kamwinamia mwenzake anamsuka, mara kamba ya nguo ina kanga mbili. Kanga nayo ina jina. Ukijikuta umeanza kusoma jina la kanga, funika rangi, rudi juu haraka. Hiyo si picha dhahania tena, ni umbea.

Ikikauka, iite Mpangilio Na. 7. Usiiite Na. 1 hata kama ndiyo ya kwanza.

Yangu niliipeleka kwenye maonyesho nikiwa nimefuata yote haya. Mchana, kabla wageni hawajaingia, alikuja kijana na ngazi kunisaidia kutundika. Siku nyingine anaezeka. Akaisogelea, akainamisha kichwa.

"Bosi, hili bati limeshawahi kubebwa na upepo, ndiyo maana mmeweka tairi."

Nikamwambia ni alama ya ukimya.

"Sawa. Na hapa panavuja, misumari imekula vibaya." Akapitisha kidole kwenye michirizi yangu ya kutu bila kuigusa. "Halafu kutu inafuata maji, bosi. Huku kwako inapanda. Nani amepiga hili paa?"

"Mimi."

Akanitazama kwa huruma, akageuka kuangalia mlangoni.

"Umeshalipwa?"

"Bado."

"Basi shika upande huo tuigeuze, mteja hajafika."