Kesi ya Uniti Nne na Ushee

Tangu jana usiku mpangaji wa chumba cha tatu anatafuta namna ya kufika chooni bila kupita koridoni. Namna hiyo haipo. Nyumba ni ile ya Kiswahili, ya Manzese: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, choo na bafu uani. Huwezi kwenda haja bila kupita mbele ya milango ya wenzako, na milango yote, kwa joto la Dar es Salaam, iko wazi. Imebaki mapazia tu. Na nyuma ya kila pazia leo asubuhi yupo mtu anayeamini kwamba mpangaji wa chumba cha tatu, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, amekula hela ya umeme.

Mambo yalianza vizuri. Ilikuwa tarehe mosi na zamu ya kununua umeme ilikuwa yake. Mchango ulitimia elfu kumi kamili, ikiwemo noti moja iliyoungwa kwa selotepu ambayo wakala aliigeuza mara mbili kabla ya kuipokea. Hela ikaingia kwenye simu, simu ikanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, tarakimu ishirini zikaja. Wakati huo nyumba ilikuwa gizani tayari, taarifa ya habari imekatwa katikati ya sentensi, na watu wote wametoka koridoni kumsubiri kwa heshima ambayo hajawahi kuipata kazini kwake.

Mita iko juu ya mlango wa mama mwenye nyumba. Mpangaji akapanda kwenye stuli, mtoto wa chumba cha kwanza akammulikia, akabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine. Mita ikakubali. Taa zikawaka, watoto wakashangilia, mama ntilie wa chumba cha pili akasema, "Ubarikiwe, mwanangu." Baraka hiyo ilidumu kwa muda mfupi sana. Dereva wa bodaboda wa chumba cha tano, mtu ambaye umeme ukirudi hutazama mita kabla ya kutazama taa, akainua shingo na kusoma kwa sauti: "Ishirini na tatu nukta tisa."

Feni zikaendelea kuzunguka. Watu walinyamaza.

Mtu aliyekulia Dar es Salaam anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mwanawe, lakini anajua kwamba kwa bei ya kawaida elfu kumi ni uniti ishirini na nane. "Anko," dereva akasema kwa upole, upole ule wa kutisha, "nne zimeenda wapi?"

Hapa kesi inabidi isimame kidogo, maana shahidi wa kwanza kuitwa alikuwa mita, na mita ni kiumbe wa ajabu kuliko wengi wanavyodhani. Watu hufikiri inazungumza na makao makuu. Mita ya aina hii haizungumzi na mtu. Haina laini, haina intaneti, haijui umelipa au umekopa. Kila kitu inachokijua kuhusu ulimwengu wa nje hukijua kwa zile tarakimu ishirini unazoipa kwa kidole. Utaratibu wenyewe ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipotaka kupeleka umeme kwenye mitaa ambako hakuna wa kusoma mita wala wa kupeleka bili, na leo unatumika katika nchi nyingi.

Ndani ya tarakimu hizo, zikiwa zimefichwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake, mna vitu vichache. Mna idadi ya uniti. Mna hesabu ya kuhakiki, ndiyo maana ukikosea tarakimu moja inakukatalia. Na mna dakika ambayo namba hiyo ilizaliwa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huitunza dakika hiyo kwenye kumbukumbu, ili namba iliyokwisha kumezwa isimezwe tena. Dakika hizo zimetengewa nafasi 24 za sifuri na moja, yaani zinaishia kwenye 16,777,216. Ukizigawa kwa siku utaona zinafika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Waliobuni bila shaka waliona miaka thelathini na ushee ni mbali. Haikuwa mbali. Ndiyo sababu mwaka 2024 Watanzania, na wenzao wa nchi nyingine zenye mita za namna hii, waliponunua umeme waliletewa tarakimu sitini badala ya ishirini: ishirini na ishirini za kuibadilishia mita ufunguo na kuifuta kumbukumbu, kisha ishirini za umeme wenyewe, na zote kwa mpangilio. Bara zima lilikuwa juu ya stuli likibonyeza.

Mpangaji angeweza kuendelea kuyaeleza haya hadi alfajiri, na kwa kweli alijaribu. Alichokuwa anakikaribia kilikuwa na faida kwa utetezi wake: kwa kuwa mita hupokea uniti tu, haijui shilingi. Makato yote hufanyika huko juu, kwenye kompyuta, kabla namba haijatengenezwa. Kwa hiyo mita inayoonyesha 23.9 haimshitaki mtu wala haimtetei mtu. Yenyewe ilitajiwa 23.9 ikasema haya.

"Msomi huyu," akasema kinyozi wa chumba cha sita, "mwambieni atoe risiti."

Risiti ilikuwa kwenye ujumbe wa simu. Simu, baada ya kununua na kusomwa tarakimu, ilizima chaji. Ikachomekwa palepale koridoni, na wajumbe wote wakasimama kuisubiri iamke. Katika dakika hizo mshitakiwa alisikia mengi kuhusu kijana fulani aliyewahi kupanga chumba cha nne, ambaye naye alikuwa mtaratibu hivihivi.

Ilipowaka, ujumbe ulisomwa na mtoto wa chumba cha kwanza kwa kuwa ndiye aliyeaminika. Kodi ya jengo: 1,500. Ikabaki 8,500. Humo kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mfuko wa umeme vijijini asilimia 3, mdhibiti wa nishati asilimia 1. Kilichobaki ni shilingi 6,967, ambazo ukizigawa kwa 292 za kila uniti zinakuja 23.9. Hesabu ilirudiwa kwa kikokotoo cha kinyozi. Ikatoka vilevile, ikawaudhi vilevile.

"Kodi ya jengo," mama ntilie akauliza taratibu, "jengo la nani?"

Macho yote yakapanda kutoka kwenye simu hadi kwenye mlango ulio chini ya mita. Kisheria kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Lakini tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU, mwanzoni 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa hulipa 7,500 kwa kila sakafu. Mita haijui mwenye jengo ni nani. Hukatwa yule aliyenunua wa kwanza katika mwezi. Jana yule wa kwanza alikuwa na selotepu kwenye noti yake.

Mama mwenye nyumba alitoka akiwa na kanga begani na tasbihi mkononi. Akasikiliza yote. "Wanangu," akasema, "hiyo ni kodi ya serikali, si yangu mimi." Kisha akarudi ndani. Hukumu haikutolewa, na katika nyumba ya kupanga kesi isiyo na hukumu hubaki kwa mshitakiwa.

Lakini 1,500, kwa ukweli, ni njugu. Wizi mkubwa umo kwenye ile 292, na hakuna aliyeuliza.

Bei ya umeme wa majumbani ina mlango wa wanyonge: anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, 122 pamoja na makato. Anayezidi huhamishiwa kwenye 292, ambazo na makato zinakuwa 356. Nia ni njema: anayetumia kidogo ni maskini, apunguziwe. Ila anayehesabiwa ni mita, si mtu. Chumba chenye taa, feni, televisheni na chaja kinaweza kumaliza mwezi kwa uniti thelathini. Taa ya wati 9 huwaka saa mia na zaidi ndipo iile uniti moja. Vyumba sita vya namna hiyo, kila kimoja kikiwa na mita yake, vingelipa jumla ya shilingi 21,960 kwa mwezi. Kwa kuwa mita ni moja, uniti 180 zinasomeka kuwa za tajiri mmoja mwenye fujo, na bili inakuwa zaidi ya 64,000. Wakati huohuo kapera mwenye nyumba yake nzima, anayekula hotelini na kurudi kulala, ananunua uniti 75 kwa 9,150 na bado anahesabiwa mnyonge.

Dawa yake ni kila chumba kuwa na mita. Mwaka 2021 gharama ya kuunganishiwa umeme iliteremshwa hadi 27,000 na watu wakaanza kupiga hesabu. Januari 2022 mjini ikarudishwa 320,960. Ni mpangaji gani atalipa laki tatu kwa ukuta usio wake? Mafundi wa mtaani huuza sabumita, nazo husaidia kweli: zinaonyesha nani ana pasi ya siri na nani ana hita ya maji chini ya kitanda. Zinapatanisha vyumba. Kwenye bei hazigusi kitu, kwa kuwa shirika la umeme huiona mita moja tu, ile iliyo juu ya mlango. Punguzo la maskini limepita juu ya vichwa vya maskini sita na kwenda kwa mtu mmoja aliyebahatika kukaa peke yake, na huo si ucheshi.

Yaliyobaki ya wiki hii hayahitaji maelezo marefu. Pampu ya maji ya uani inakula umeme wa mchango, kwa hiyo ndoo ya jirani wa nyumba ya pili inachotwa kwa uniti za vyumba sita. Mpangaji alinunua bando la usiku, linaloanza saa sita, akasinzia saa tano na nusu. Kinyozi ametoa neno la siri la Wi-Fi yake kwa vyumba vyote isipokuwa cha tatu.

Na shemeji yake, aliposikia ana matatizo, alimrushia vocha ya elfu moja. Mtandao ukakata kwanza salio alilokuwa amekopa, pamoja na ada yake, zikabaki shilingi mia na kitu. Shemeji akasubiri apigiwe ashukuriwe. Alichopata ni bip.