Asilimia 99

Kila ukoo una mtu wake wa kuongoza dua na mtu wake wa kupika pilau la shughuli. Kwetu mimi ndiye "yule anayejua kompyuta". Cheo hiki hakina mshahara wala likizo, na hakuna ofisi ya kupeleka barua ya kujiuzulu. Nilikipata kwa kumwekea shemeji WhatsApp kwenye simu yake. Tangu hapo, kikiharibika chochote chenye waya pale Tanga, hata feni, naitwa.

Mama mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi. Akanunua kompyuta mpya, mpya kweli, kioo bado kina karatasi yake ya nailoni, na juu ya nailoni pana stika nyeupe ya waranti pana kama kiganja. Kubandua marufuku. Alitaka programu ya kutunza hesabu za mabati, saruji, misumari na, zaidi ya yote, madeni ya mafundi. "Njoo uniwekee, baba. Kazi yenyewe si ya dakika tano?"

Nikachomeka flashi, nikabofya. Kistari cha kijani kikatoka mbio: 20, 50, 80. Mama mdogo akaagiza chai. Kikafika 99, kikasimama.

Chai ikaja, ikanywewa, vikombe vikaoshwa. Tisini na tisa. Dirisha likapauka, na juu yake yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba programu haijibu.

"Nani hajibu?" akauliza mama mdogo.

"Programu, mama."

"Si umwite tena!"

Duka la vifaa vya ujenzi halikosi mafundi, na fundi hana kazi asiyoijua. Wa rangi akasema zima uwashe. Wa bomba akainama, akasikiliza, akatoa uamuzi kwamba humo ndani kuna hewa imeingia. Dereva wa bajaji aliyefuata mifuko ya saruji akasema ni kirusi. Mzee mmoja aliyekuwa anachagua kitasa hakuhangaika na virusi: kitu kipya kimepitishwa mtaani mchana kweupe bila kufunikwa, mlitegemea nini?

Sasa, kukitendea haki kistari, ile namba haipimi muda. Programu inahesabu hatua zake tu: kunakili mafaili, kujiandikisha kwenye Windows, kutayarisha hifadhidata. Hatua moja humalizika kufumba na kufumbua, nyingine humeza nusu saa, lakini kwenye hesabu zinaweza kupewa uzito uleule. Ndiyo maana ile 1 iliyobaki huweza kuwa na kazi kubwa kuliko 99 zilizotangulia. Mwaka 1985 mtafiti Brad Myers alionyesha kwamba watumiaji wa kompyuta hupendelea kuonyeshwa kazi imefikia wapi kuliko kuachwa gizani. Sina ugomvi naye. Naamini tu kwamba wakati anafanya utafiti wake hakusimamiwa na fundi bomba.

Na ile hukumu ya "haijibu"? Windows huitoa dirisha likikaa kimya kwa sekunde 5 tu. Sekunde tano! Fundi seremala aliahidi kabati la mama mdogo tangu Ramadhani na bado tunamwita fundi.

Kwa hiyo sikuzima. Nilifungua orodha ya shughuli zinazoendelea ndani ya mashine, na humo nikakuta mkutano wa hadhara. Kompyuta iliyokaa ghalani kwa miezi, ikinusa intaneti kwa mara ya kwanza, huanza kuvuta apdeti zote zilizoipita. Antivairasi ya majaribio, waliyoiweka huko ilikotoka bila kumuuliza mnunuzi, nayo inakagua kila faili linaloingia. Isitoshe, kile kitengo cha Windows kinachoweka programu nyingi hukubali kazi moja kwa wakati. Ya pili ama inarudishwa na ujumbe wa namba 1618, ama inakaa pembeni kimya.

Nikamwambia mama mdogo kwamba kuna foleni. Akaelewa papo hapo, akakasirika upya: "Foleni kwenye mashine yangu mwenyewe?"

Tukasubiri. Intaneti ilikuwa inatoka kwenye simu yangu, na kabla ya adhuhuri bando langu la wiki lilikuwa limeingia lote katika kompyuta ya duka. Apdeti zikaisha. Mashine ikatulia, feni yake ikanyamaza. Kistari: 99.

Ndipo nikaiona ile stika kwa jicho lingine. Ilifunika sehemu ya chini ya kioo, penye msururu wa vialama, na pembeni yake kulikuwa na mwanga wa rangi ya machungwa unaowaka na kuzima. Nikaomba ruhusa ya kubandua nailoni. Nikakataliwa. Baada ya mashauriano nikaruhusiwa kukunja kona tu, huku mama mdogo ameishika kwa vidole viwili isije ikachanika. Chini yake kulikuwa na kingao kidogo cha bluu na njano. Nikakibofya. Kumbe muda wote Windows ilikuwa inauliza: unairuhusu programu hii ifanye mabadiliko?

"Muda wote inabisha hodi!" akasema fundi bomba, kwa sauti ya mtu aliyelisema tangu mwanzo.

Nikabofya ndiyo. Mia. Programu ikafunguka, ikatusalimu, ikaomba intaneti ili ijisajili.

Bando jipya alilipa mama mdogo, na madeni ya mafundi yameshaingizwa yote. Nawe ukinunua kompyuta mpya, siku ya kwanza usiiombe kitu. Ichomeke kwenye umeme, iunganishe na intaneti usiku kucha, apdeti zikiisha izime uiwashe, ndipo ulete flashi yako.