Firigisi ya Mwenye Boma

Mke akisafiri, mume hutangaza kwamba nyumba imebaki mikononi mwake. Hutangaza hivyo stendi, begi la mkewe begani, kwa sauti ya kuwafikia makanga na abiria wa dirishani. Tatizo ni kwamba wanyama wa nyumbani hawaendi stendi. Wao wakati huo wako nyumbani, wanagawana vyeo.

Mke wangu ni mwalimu, na kila mwaka mitihani ya KCSE ikiisha huitwa Nairobi kusahihisha. Watoto huwa wameshaenda ushago kwa nyanya yao. Mimi hubaki Lurambi, Kakamega, kando ya barabara ya Webuye, na mbwa wetu Simba na paka wetu Ingwe. Na safari hii kulikuwa na jogoo pia. Maagizo niliyoachiwa hayakujaza hata ukurasa: Simba ale kabla ya giza, Ingwe asiingie chumbani, na jogoo asiguswe, kwani huyo ni wa Krismasi.

Simba tulimnunua Lubao. Asiyelijua soko la Lubao ajue kwamba siku ya soko wanaume husimama pale na mbwa kwenye kamba, wateja wakipita wakikagua meno na miguu, na bei hupanda kadiri mbwa anavyobweka. Aliyetuuzia alituapia kwamba baba yake Simba alikuwa mbwa wa polisi. Polisi wa wapi hakusema, na sasa nadhani alikuwa wa ofisini. Simba hulinda bakuli lake tu. Lakini kwa karatasi ana heshima zake: kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa ina mihuri yote ya kila mwaka, maana mke wangu hana mchezo na ugonjwa ambao dalili zikishajitokeza daktari hana la kukufanyia. Kadi hiyo imewekwa droo ya juu, pamoja na hati ya shamba. Cheti changu cha kuzaliwa kimo droo ya chini, pamoja na betri zilizokwisha.

Paka tulimwita Ingwe, yaani chui, kwa heshima ya AFC Leopards, timu ya soka ya marehemu baba na yangu pia, iliyoanzishwa mwaka 1964. Jina lilimkaa kuliko tulivyotarajia. Timu ilichukua ligi mwaka 1998, kisha ikakaa zaidi ya miaka ishirini bila kuigusa tena. Ingwe naye alikamata panya mmoja utotoni, na tangu hapo anaishi kwa historia.

Jogoo hakuwa na jina. Katika Kakamega hakuna mtu wa kukipa jina kitu anachokusudia kukitia supuni.

Mgogoro wa kwanza ulikuwa wa chakula. Mama watoto huchanganya ugali na supu ya omena, akaupoza, akamwita Simba, naye akaja na kumaliza. Nilifanya hivyo hivyo: omena ile ile, unga ule ule, bakuli lile lile. Simba alinusa, akaniangalia, kisha akageuka kuangalia lango. Alikuwa anamngoja mpishi. Kesho yake ikawa hivyo tena, mpaka jirani yangu mmoja, aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili wa ua, akanionea huruma.

"Shemeji, huyo hajagoma," alisema. "Ni vile hujamwita. Mwite vile mama watoto humwita."

Vile mama watoto humwita ni kwa sauti nyembamba, ya kuvuta, yenye mapenzi mengi kuliko ninayoyapata mimi kwa mwezi mzima. Nilichungulia barabarani. Nikasimama mlango wa nyuma, bakuli mkononi, nikalikaza koo: "Simbaa! Simba baba, kuja ukule!" Vijana wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro waliokuwa wanapita nje ya ua wakaitika kwa pamoja, "Tunakuja, mama!" Simba alikula mpaka akaramba chini. Kuanzia siku hiyo nilikuwa namwita hivyo kila jioni, na vijana nao wakawa wanapita saa ile ile kila jioni.

Mgogoro wa pili ulikuwa wa kitanda, na huo sikuupigania sana. Ingwe nilimtoa chumbani kwa mlango akarudi kwa dirisha. Nilipofunga dirisha alikaa nje akalia kwa namna ambayo jirani yeyote angeshuku kwamba kuna mtoto anateswa. Nikafungua. Akapanda, akazunguka mara mbili tatu, akalala upande wa mwenye kitanda. Nilipovuta blanketi aliniwekea kucha, kwa adabu lakini kwa msimamo.

Kisha ikaja mvua. Mvua ya Kakamega haibishi hodi: saa nane mchana kuna jua la kukausha mahindi, saa kumi kuna radi na mawe yanayogonga mabati hata huwezi kusikia mawazo yako. Banda la jogoo lilianza kuvuja. Nilimwingiza ndani kwa muda tu, mpaka ianuke. Lakini haikuanuka. Ilipofika taarifa ya habari ya saa moja, jogoo alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, ametulia, anatazama televisheni. Akaonyeshwa mbunge mmoja akihutubia matanga. Jogoo akanyoosha shingo, akawika mpaka hotuba ilipokwisha.

Nikajisemea, huyu ni Mheshimiwa. Na kweli, ukimtazama vizuri: anaamka kabla ya watu wote kupiga kelele, anakula mchana kutwa, na hajawahi kutaga kitu.

Katika vyeo, kuku ni viumbe wenye katiba. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku tangu utotoni, aliandika mwaka 1921 kwamba kundi la kuku hupangana kwa kudonoana: wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, mpaka umfikie yule anayedonolewa na wote na hana wa kumdonoa. Mwaka 2015 watafiti wa Kijapani wakaonyesha kwamba hata kuwika kuna zamu: jogoo wa cheo cha juu huanza alfajiri, walio chini yake hufuata kwa kadiri ya vyeo vyao. Kwangu Mheshimiwa alikuwa anaanza kuwika sebuleni kabla hakujapambazuka. Simba anafuatia kwa kubweka. Kisha Ingwe anakwaruza mlango. Wa mwisho kutoa sauti nilikuwa mimi, nikiwauliza wanataka nini. Wajapani hawakuhitaji kufika Lurambi ili wanipangie nafasi yangu.

Mambo yalikuwa yamefika hapo simu ilipolia. Alikuwa Khotsa, ndugu wa mama, kutoka Shinyalu. "Jumapili napita kwako," alisema, akakata. Khotsa haulizi kama uko.

Mjomba kwa Waluhya si mgeni wa kumwekea sukuma wiki. Mjomba ni ingokho, yaani kuku. Na kuku wa mgeni hagawanywi ovyo: kila kipande kina mwenyewe, na kipande chenye cheo kuliko vyote ni firigisi. Firigisi ni ya mwenye boma, naye humpisha mkubwa wake anapomtembelea. Zamani hata akina mama waliompika huyo kuku hawakumwonja, seuze firigisi. Kumwekea mjomba kuku asiye na firigisi ni kumwambia kwamba kuna mkubwa zaidi yake aliyekwisha kula.

Jumapili asubuhi niliokota kisu nikatoka uani. Mheshimiwa akaja mbio, maana kila nilipotoka mikono haikuwa mitupu. Akasimama juu ya kiatu changu, akainua jicho moja. Nikakumbuka maagizo: jogoo asiguswe mpaka Krismasi. Sijawahi kuyatii maagizo ya mke wangu kwa moyo mkunjufu kiasi kile. Nilirudisha kisu, nikaenda kwa mama mmoja jirani anayefuga kuku wa kienyeji, nikanunua kuku jike mzee ambaye kwa kumtazama tu alikuwa na vitukuu. Bei hatukuelewana, nililipa tu.

Kazi niliifanya kama nilivyofundishwa na mama. Nilichinja, nikamwagia maji moto, nikanyonyoa, nikambabua motoni mpaka harufu ikaenea ua mzima. Firigisi niliipasua, nikamwaga changarawe, nikaimenya ile ngozi yake ya njano, nikaiosha na kuiweka sahanini peke yake. Juu ya sahani nikafunika sufuria, na juu ya sufuria nikaweka jiwe. Kisha nikatoka kuchota makaa.

Niliporudi jiwe lilikuwa sakafuni, sufuria imeviringika mpaka mlangoni, Simba anaramba sahani kwa uangalifu wa mtu anayeharibu ushahidi. Ingwe alikuwa juu ya friji akipangusa masharubu. Waliokuwa hawajawahi kushirikiana hata kumfukuza panya walikuwa wameunda muungano. Mwenye nguvu alipindua jiwe. Mwenye akili alikula.

Khotsa aliingia saa saba kamili, kofia kichwani, bakora mkononi. "Mulembe!" Nikamwitikia mulembe, nikamkalisha kochi lisilo na manyoya, nikamnawisha mikono. Ugali ulikuwa umeiva, supu inanukia. Aliomba dua ndefu, akafunua bakuli, akaanza kugeuza vipande kimoja kimoja kwa kijiko. Aligeuza vyote. Kisha akavigeuza tena.

"Mpwa wangu," alisema, "huyu kuku aliishi miaka mingapi?"

"Mingi, Khotsa."

"Na miaka yote hiyo alikuwa anasaga mahindi na nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaliinua jicho kuelekea juu ya friji, na Khotsa, ambaye ameishi na wanyama maisha yake yote, akalifuata jicho langu. Akamwona Ingwe. Akaelewa. Lakini kabla hajatoa hukumu, pazia la chumbani likasogea, na Mheshimiwa akatoka akitembea taratibu katikati ya sebule.

"Kumbe jogoo yupo!" Khotsa alisema. "Na huyu mbona hukumchinja ukaniletea huyu bibi?"

"Huyu ni Mheshimiwa," nilisema, na jina lilikuwa limeshatoka.

Nilitegemea bakora. Badala yake Khotsa akatulia. Nilikuwa nimesahau kwamba nazungumza na mtu wa Shinyalu mwenye fahali wa kupigana. Kule Isukha na Idakho fahali wa uwanjani hana bei, ana jina. Khotsa humkatia nyasi kwa mikono yake mwenyewe na hamruhusu atiwe jembe wala mkokoteni. Siku ya pambano humtoa alfajiri akisindikizwa na ngoma za isukuti na kijiji kizima kikikimbia nyuma, na katika mazishi ya mtu mkubwa fahali huyo hualikwa kabla ya baadhi ya jamaa.

"Mwenye jina hachinjiwi mgeni," Khotsa alisema. "Hiyo ni sheria. Ila sheria ina kifungu cha pili: mwenye jina hakimbii. Fahali akizoea kukimbia, njia yake ni moja, buchani."

Kwa kusema hivyo akadondosha mfupa sakafuni, na kando yake kipande cha ugali.

Simba alifika kwanza, kwa sababu ya mfupa. Mheshimiwa alifika pili, kwa sababu ya ugali. Simba akaunguruma, mngurumo wake wa kwanza tangu tumnunue. Mheshimiwa akafungua mbawa, akaruka, akamshindilia mdomo kwenye pua, na kabla vumbi halijatulia akamwongeza mateke ya kucha. Mwana wa mbwa wa polisi alipita chini ya meza, akatoka na kitambaa chake shingoni, akakata ua mpaka langoni, akilia. Khotsa alikuwa amesimama, anagonga sakafu kwa bakora kwa mapigo ya isukuti, kofia imemwinamia jicho moja. Mheshimiwa akala ugali. Mfupa hakuutaka, aliukanyaga tu.

Khotsa alipopata pumzi alikaa, akatoa uamuzi. Jogoo ni wa uwanjani, asiguswe Krismasi wala Pasaka. Mbwa arudishwe Lubao wakampime upya. Kisha akamnyooshea bakora Ingwe, ambaye muda huo wote hakuwa amefumbua hata jicho.

"Na firigisi haikupotea. Imefika kwa mwenye boma. Kosa lako, mpwa wangu, ni kwamba hukunijulisha mapema kuwa siye wewe."

Mama watoto alirudi akakuta jogoo kwenye kochi. Alisikiliza maelezo yangu yote, naye kwa kazi yake amezoea kusoma majibu marefu yasiyo na alama. Hakusema neno. Alikwenda mlango wa nyuma, akasema "Simba" kwa sauti ya kawaida kabisa, na Simba akaja akala. Lile la kuita kwa kuvuta sauti, aliniambia baadaye, yeye hulifanya siku akiwa na furaha tu.

Kwa kuwa nyama ya Krismasi ilikuwa imeshapata kinga, ilibidi twende kula Shinyalu. Habari zilikuwa zimefika kabla yetu. Wajomba walipewa mapaja, vijana wakapewa mabawa, mimi nikawekewa shingo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jioni tukiaga, mke wa Khotsa akanitilia mkononi kifurushi kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba. "Mpelekee mwenye boma," alisema, na ua mzima ukaangua kicheko.

Kwenye matatu nilikifungua kidogo, kuhakikisha tu kwamba kilichomo ndicho. Ilikuwa firigisi safi, imekaangwa kwa kitunguu, ingali na joto. Nikaisogeza karibu na pua.

"Baba watoto," mke wangu alisema, macho yake yako barabarani, "hiyo ina mwenyewe."