Umeme wa Jua kwenye Hiace ya Kwenda Ukweni

Ndugu msomaji, wewe uliyeoa kwenye ukoo mkubwa utanielewa bila maelezo mengi. Kwao mke wangu ni Lushoto, na likizo ya mwezi wa saba ikifika, dada zake wote hupanda mlima pamoja na waume, watoto na magodoro yao. Nyumba ya mama mkwe hujaa mpaka barazani. Mke wangu, Mama Tausi, alipochoka kulala wanne kitanda kimoja, akatoa hukumu: tununue Hiace iliyotumika, tung'oe viti vya nyuma, tuweke kitanda, meza ya kukunja na jiko dogo la gesi, tuwe na chumba chetu chenye magurudumu. Kazi ya seremala iliisha kwa amani. Vita vilianza kwenye umeme.

Wajue kwanza wapiganaji. Mke wangu, watoto wanamwita Spika, kwa sababu nyumbani kwetu hoja haipiti mpaka yeye afungue kikao na yeye akifunge. Mama mkwe ni Bibi Tochi: tangu nimfahamu hajawahi kulala bila tochi chini ya mto, hata mahali penye taa. Mdogo wake mke wangu ni Shemeji Volti. Aliwahi kufunga taa za harusi ya binamu yake, zikawaka, na tangu siku hiyo ndiye mtaalamu wa umeme wa ukoo mzima. Kijana wetu wa kidato cha pili ni Profesa, maana husoma kila kibandiko kilichobandikwa nyuma ya kila kifaa. Dada yake, Tausi, hana jina la utani. Ukimpa, hali chakula.

Shemeji Volti alitaka twende Kariakoo siku hiyohiyo tukanunue paneli. Nilimzuia. Paneli ndiyo inayoonekana juu ya paa, ndiyo maana kila mtu huanza nayo, lakini hesabu ya sola huanza na tumbo la nyumba: mnakula umeme kiasi gani kwa siku? Spika akaitisha kikao. Kila mtu aandike anachotaka kuwasha safarini.

Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Taa tatu za LED za wati 5, saa nne kila usiku, wati-saa 60. Simu zetu, 60. Kompyuta mpakato ya Tausi, 60 nyingine. Feni ya volti 12 inayotumia wati 20, saa nane, 160. Hiyo ni kwa ajili ya joto la Dar na njia ya Chalinze mpaka Segera, kwa sababu ukishapita Soni hakuna anayeitaja feni, watu wanagombania blanketi. Halafu friji. Friji haikuwa na mjadala: Bibi Tochi anapenda samaki wa soko la Feri kuliko zawadi nyingine yoyote, na Spika ameapa kuwa samaki hao watafika Lushoto wabichi. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 hula wati 45 hivi inapounguruma, na kwa joto la pwani huunguruma karibu nusu ya siku. Hapo ni wati-saa 540. Jumla ikawa 880.

Ningefurahi kikao kiishie hapo. Spika akaongeza pasi na blenda.

Pasi nilipigana nayo kwa moyo wote. Spika hawezi kusimama mbele ya dada zake na gauni lenye mikunjo, hilo nalielewa na naliheshimu, lakini pasi ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 83, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, unapita 90. Nusu saa ya kupiga pasi inakula umeme wa friji wa kutwa nzima. Profesa akaifanya hesabu hiyo kwa sauti mezani. Spika akaiangalia karatasi kwa muda mrefu, akasema kwao kuna pasi ya mkaa ya marehemu baba yake, atatumia hiyo. Nikashusha pumzi. Hapohapo akasema, "Basi blenda inabaki, Baba Tausi." Blenda yenyewe haina shida: wati 400 kwa dakika tano ni kama wati-saa 33 tu. Ila kila kitu kingine kwenye orodha kinakula umeme wa volti 12 moja kwa moja, au kinachajiwa kwa adapta yake. Blenda peke yake ndiyo inayotaka volti 230. Kwa hiyo inveta ya wati 600 ilinunuliwa kwa sababu ya juisi ya parachichi. Kikao kikafungwa.

Sasa betri. Hapa niruhusu nitulie, maana ndipo watu wengi wanapoumia.

Shemeji Volti alifika jioni moja na betri ya lori begani, ya bure, kutoka kwa rafiki yake. "Shemeji, hii ni ampea-saa 150, bado inapiga," akasema. Inapiga, ndiyo, na hiyo ndiyo kazi yake. Betri ya kuwashia injini imejengwa kwa sahani nyingi nyembamba, itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache, kisha oltaneta iijaze. Ukiitumia usiku kucha taratibu mpaka iishiwe, sahani zinaharibika, na ukirudia hivyo mara kadhaa imekwisha. Betri ya asidi ya sola ina sahani nene. Lakini shemeji ana imani na vitu vya bure. Akaomba tufanye jaribio uani kwetu Tabata, na Spika akampa ruhusa, kwa sababu ni mdogo wake na amemlea.

Akafunga friji, akafunga inveta aliyoazima, na kwenye inveta akachomeka televisheni ya sebuleni ili aangalie mpira ndani ya Hiace. Nyaya alizotumia ni zile nyembamba za spika za redio. Mpira ukaisha, yeye akalala, televisheni ikabaki inawaka. Saa nane usiku inveta ikaanza kulia mfululizo, mlio wa kutoboa masikio. Bibi Tochi alikuwa kwetu kwa matibabu ya macho. Akatoka na tochi yake, akiamini tumeingiliwa na wezi. Ulinzi shirikishi wakaja na filimbi. Jirani wa kushoto akaja na panga. Shemeji Volti akatoka garini akiwa na shuka, akaeleza mtaa mzima kwamba hiyo ni kengele ya usalama, ina maana mfumo unafanya kazi vizuri.

Profesa alipima kwa mita: volti 10.6. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo. Na zile nyaya zilikuwa za moto kiasi cha kutoshikika. Bibi Tochi akauliza kwa upole kwa nini betri kubwa namna ile iishe usiku mmoja. Nikamwambia, Mama, betri ya asidi ni kama mtungi ambao ukichota chini ya nusu unapata ufa. Akanielewa mara moja, akamgeukia mwanawe na kumwambia airudishe kwa mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo nilimwambia Spika faraghani, na ndilo lililomaliza ubishi. Betri ya asidi ya maji, inapochajiwa, hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Shemeji alikusudia kuiweka chini ya kitanda ambacho watoto wangelalia, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Hapo hakuna cha undugu.

Tulinunua betri ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma ambayo kwenye kibandiko huandikwa LiFePO4. Ampea-saa 100, volti 12.8, yaani wati-saa 1,280, na sehemu kubwa ya hizo unaweza kuzitumia kweli. Ya asidi ya ukubwa huohuo ingetupa kama 600 tu za kutumia bila kuiumiza, na ingekuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Hii ni kama 12. Bei yake ilimfanya Spika akae chini. Nilimweleza kuwa ya asidi, ukiichosha kila siku, hustahimili mizunguko mia kadhaa, wakati hii huhesabiwa kwa maelfu. Alitafakari siku nzima, kisha akafungua kibubu cha Krismasi. Nampenda mwanamke huyu.

Paneli zikawa rahisi. Kwa saa nne na nusu za jua kali kwa siku, ukiondoa theluthi moja hivi kwa joto, vumbi na nyaya, wati 300 hutoa wati-saa 900 na ushee. Tukachukua mbili za wati 150, zinaenea vizuri kwenye paa la Hiace. Kwa sisi tulio karibu na Ikweta (Lushoto ipo chini ya nyuzi 5 kusini) hakuna haja ya kuziinamisha. Jua hupita karibu na utosi, nazo hulala bapa. Kinachotakiwa ni kuacha nafasi ya vidole kadhaa kati ya paneli na bati ili upepo upite, kwa kuwa paneli hupimwa kiwandani kwa nyuzi joto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza kama asilimia 0.4. Bati la gari mchana wa Dar unalijua mwenyewe.

Chaji kontrola, msimamizi wa umeme kati ya paneli na betri, ilitupeleka Kariakoo mara zaidi ya moja. Zipo aina mbili. PWM huishusha paneli mpaka volti za betri, na kinachozidi kinapotea. Paneli ya wati 100 inaweza kukupa 70 na kidogo. MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Kwenye duka moja tuliuziwa maneno mazuri juu ya kontrola iliyoandikwa MPPT kwa herufi kubwa, kwa bei ya chee. Profesa akaipima kwa kiganja. Ilikuwa nyepesi mno. MPPT ya kweli ina koili ndani, na koili ina uzito. Akairudisha kaunta kwa heshima, akasema, "Shikamoo mjomba, hii siyo." Nilijisikia kumbeba. Tulipata ya kweli, ya ampea 30, kwenye duka la tatu.

Na nyaya. Safari hii nilisimama mwenyewe juu ya kichwa cha Shemeji Volti. Waya wa inveta wa milimita za mraba 16, mfupi kadiri inavyowezekana, na fyuzi ya ampea 80 kwenye ncha chanya, isikae mbali na betri zaidi ya shubiri moja. Fyuzi ndiyo inayoulinda waya, na waya ukiungua ndani ya gari lenye godoro na mtungi wa gesi, hakuna atakayesimulia. Tukaongeza chaja ya DC-DC inayochota kutoka kwenye oltaneta. Ya ampea 20, ukiendesha saa tano au sita umeijaza betri kabla ya kufika Mombo, hata mawingu yawepo.

Samaki wa Feri walifika Lushoto wabichi. Bibi Tochi aliwapokea kwa vigelegele, na nilisamehewa mambo ya zamani ambayo sikujua kuwa bado yanakumbukwa.

Kisha ukoo ukaingia kazini. Umeme ulikatika kijijini siku ya pili, habari zikasambaa kuwa gari la Baba Tausi lina umeme wa Mungu, na kufikia jioni simu za mashemeji, wakwe, majirani na kwaya ya kanisa zilikuwa zimepangwa kwenye kitanda chetu. Simu moja hula wati-saa 15 hivi. Ishirini ni 300. Spika alizipokea zote, na kila mwenye simu alipewa chai.

Asubuhi kukawa na ukungu, na ulipoondoka, kontrola ikawa inasoma nusu ya nilichotarajia. Shemeji Volti akapanda juu. Juu ya paneli moja palikuwa na tenga la matunda damu, mkungu wa ndizi na gunia la viazi. Bibi Tochi alikuwa amekwisha kutufungia zawadi za kurudi nazo mjini. Kivuli kwenye sehemu ndogo tu ya paneli hushusha umeme vibaya. Tenga zima ni msiba. Nilimwendea kwa unyenyekevu. Akanijibu, "Mwanangu, paa la gari ni la mizigo. Jua lipo kote." Nikamtazama Spika. Spika alikuwa anatazama milima.

Mizigo ilibaki. Bahati ni kuwa nilisisitiza paneli zifungwe sambamba na siyo mfululizo, ili moja ikifunikwa nyingine iendelee kivyake. Hiyo moja, ikisaidiwa na oltaneta tulipokwenda Irente kutazama mandhari, ililisha friji mpaka tunaondoka. Blenda haikuwashwa hata siku moja; Bibi alisaga maparachichi kwa mwiko.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kufunga sola kwenye gari la safari, andika orodha ya vifaa mkiwa wote mezani, weka fyuzi kabla ya kuwasha chochote, kisha ongeza robo ya umeme kwa ajili ya simu za ukweni. Na uwapigie wakwe kuuliza habari za matenga kabla fundi hajatoboa bati.