Namna ya Kumchafua Mtoto kwa Faida Yake

Chagua Jumamosi ya kiangazi, Julai hadi Septemba, ukwaju ukiwa umekauka mtini na maganda ya migunga yametapakaa chini. Mvalishe mtoto nguo ambayo hutaililia. Mpe kikapu. Simu zibaki nyumbani, na ya kwako ikiwa ya kwanza, maana hiyo ndiyo inayowarudisha watu mapema.

Mkifika chini ya mti, nyamaza. Kwa mzazi hilo ni gumu kuliko yote. Tumezoea kumpa mtoto jibu kabla hajapata swali. Mwache aokote ovyo. Atajaza maganda, kokoto, hata kinyesi cha mbuzi, na hicho usikimbilie kukitupa. Mpe kijiti akipasue. Mara nyingine atakuta humo mbegu za mgunga, nzima na ngumu, zimepita tumboni salama. Somo la wanyama kusambaza mbegu limekwisha hapo hapo. Kilichobaki ni kunawa mikono kwa sabuni.

Sasa mwambie achambue mbegu alizookota, bila kumwambia kwa kigezo gani. Ataanza na rangi, atahamia ukubwa, kisha atakuja mbio kukuonyesha mbegu zenye tundu dogo la duara. Humo alikulia mdudu, akala kiini, akatoboa njia ya kutokea. Leteni beseni la maji, mzimwage zote. Nyingi zilizoliwa zitaelea, na nzima kwa kawaida huzama. Mtoto huyo amejua kwamba uzuri wa nje hautoshi, na ameupima mwenyewe.

Mkiwa kwenye nchi ya miombo, tafuteni tunda la mninga: bawa la duara, katikati limejaa miiba. Apande kichuguuni alirushe, alirushe tena. Akiuliza miiba ni ya nini, mrudishie swali. Majibu yake matatu ya kwanza yana thamani kuliko jibu lako moja sahihi.

Jambo moja halina mjadala. Nyonyo na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri zina sumu kali. Zisiingie mdomoni, na mtoto mdogo asiachwe nazo peke yake.

Nyumbani ndiko kazi inakonoga. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu. Porini hulainishwa tumboni mwa tembo na nyani, kwenu itasuguliwa kwa msasa na kulowekwa. Mwarobaini ni kinyume chake: ukiweka mbegu zake kabatini miezi kadhaa, nyingi zitakufa, hivyo ondoeni nyama ya tunda mzipande wiki hiyo hiyo. Mtoto ataona kwamba kila mbegu ina masharti yake, na mwenye haraka hapati mbuyu. Akitaka kupanda na ubuyu mwekundu wa dukani, wa sukari na rangi, mruhusu. Aupande kando ya ule mweupe, kila kiriba kiwe na alama yake, asubiri aone.

Msikae kungoja vifaa. Wanawake wa Green Belt Movement, walioanza kupanda miti Kenya mwaka 1977 wakiongozwa na Wangari Maathai, waliokota mbegu za miti ya kwao na kuziotesha hata kwenye vyungu vilivyovunjika, bila cheti cha misitu. Pakiti ya maziwa iliyotobolewa chini inatosha.

Viriba vingine havitaota. Hapo moyo wa mzazi hutetereka, na wapo wanaopachika mche wa kununua usiku ili mtoto aamke akifurahi. Usifanye hivyo. Mpe kijiko achimbue mwenyewe, aone kama mbegu imeoza, imeliwa, au bado ni ngumu vile vile. Iliyo ngumu airudishe udongoni, aendelee kuimwagilia.